Propela mpya, ndege ileile: Kwa nini karatasi ni nyingi?

Kwa mwenye ndege binafsi nchini Marekani, kununua propela mpya ni pesa tu. Shughuli yenyewe inaanza anapotaka kuifunga.

Kila aina ya ndege, ikiwemo Cessna 172, ina orodha rasmi ya propela zilizokubaliwa. Akitaka isiyokuwamo, kwa kawaida lazima iwe na kibali cha ziada, STC, kinachotolewa na mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA. Kibali kikiwa cha mtu au kampuni nyingine, anahitaji pia ruhusa yao ya maandishi.

Kwa nini mlolongo wote huo? Jibu ni mtetemo. Propela na injini hutikisika pamoja. Zisipoendana, chuma huchoka polepole, na panga la propela linaweza kukatika angani. Likikatika, upande mmoja unabaki mzito na injini inaweza kung'oka.

Ndiyo maana fundi hamalizi kwa kukaza nati. Anapima mizunguko ya injini ndege ikiwa imesimama na kupiga upya hesabu ya uzito. Kisha mwenye idhini ya ukaguzi anasaini fomu namba 337. Bila hayo, kisheria ndege hairuhusiwi kuruka, hata kama propela inang'aa.

Wapo wanaoona huu ni urasimu tu. Lakini gari likizima, unaegesha pembeni. Angani hakuna pembeni.