Barua ya Wazi kwa Waziri wa Maji: Mkandarasi Asubiri Kiangazi Kipite

Mheshimiwa Waziri,

Mwaka 1971 Serikali iliahidi kwamba baada ya miaka 20 kila mwanakijiji angepata maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ukafika, maji hayakufika. Wafadhili walikuwa wamegawana mikoa: Finland Mtwara na Lindi, Sweden Kanda ya Ziwa, Denmark Iringa, Mbeya na Ruvuma, Uholanzi Shinyanga. Kila mmoja alikuja na wataalamu wake na pampu zake. Walipoondoka, kijiji kilibaki na mtambo ambao hakikuuchagua, na vipuri visivyopatikana katika duka lolote la wilaya.

Hayo si ya kale tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Wizara yako ilipohesabu vituo vya kuchotea maji vijijini, zaidi ya theluthi yake havikuwa vikifanya kazi.

Tunaambiwa wananchi hushirikishwa. Mara nyingi ushirikishwaji wenyewe ni mkutano unaoitishwa mchoro ukiwa umeshapitishwa: watu wanasaini mahudhurio, wanaombwa nguvukazi ya kuchimba mtaro, basi. Hakuna aliyewauliza akina mama ni kisima gani hakikauki mwezi Oktoba na ni kipi kina chumvi. Hakuna aliyewaonyesha hesabu ya dizeli kabla ya kuwakabidhi jenereta. Mfugaji akijengewa bomba bila mbauti, ng'ombe wake watakunywa hapo hapo wanapochota watoto. Uzio ukivunjika, taarifa itaandika kwamba wananchi hawathamini miundombinu. (Siku ya uzinduzi, hata hivyo, maji hayakosi kutoka.)

Wahandisi watasema mwanakijiji hajui elimu ya miamba. Kweli, na madini ya floraidi ya Arusha au Singida hayapimwi kwa ulimi. Hiyo ni kazi ya maabara. Lakini maabara haijui nani atatembea kwenda kisimani, saa ngapi, wala kama ataweza kulipia ndoo wakati mavuno hayajaingia. Mradi unahitaji elimu zote mbili, na hadi sasa ni moja tu inayolipwa posho.

RUWASA (wakala wa maji vijijini), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, imesogeza wataalamu karibu na vijiji, na kwa hilo inastahili pongezi. Ila uwajibikaji bado unapanda juu: wilaya kwa mkoa, mkoa kwa makao makuu. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inautambua kuwa ndiyo mamlaka ya juu kabisa kijijini, hupokea funguo na kupiga makofi.

Ombi langu ni agizo moja. Malipo ya mwisho ya mkandarasi yazuiwe mpaka mradi upite kiangazi kizima, na mkutano mkuu uthibitishe kwa muhtasari kwamba maji yanatoka. Na kabla ya mkataba, mkutano huo huo uletewe mchoro na gharama za uendeshaji, ukiwa na haki ya kukataa. Mkandarasi akijua kuwa hundi yake inapitia kwa mama mwenye ndoo, atamuuliza mapema bomba liwekwe wapi.

Naomba agizo hilo litoke kabla mikataba ya mwaka ujao wa fedha haijasainiwa.

Naomba kuwasilisha.