Kabla damu ya maabara haijafika Sondu

Sondu ina kila sababu ya kuitamani damu isiyohitaji friji. Mji huu umekaa mpakani mwa Kisumu na Kericho, barabara kuu ya kwenda Kisii inapita katikati ya soko, malori na boda boda yanagombea lami ile ile, na mapigano ya mpakani ya mwaka 2023 yalitukumbusha mshale unavyoweza kummaliza mtu damu. Benki ya damu ya kanda iko Kisumu mjini, ukishapita Katito na Ahero. Kwa hiyo watafiti wa Marekani na Japani wanapotangaza kwamba wanaunda kibeba oksijeni cha kuhifadhiwa kabatini, atakachotiwa mgonjwa yeyote bila kupimwa kundi la damu, watu wa huku wana haki ya kutega masikio. Mimi nasema tutege, ila tusifungue mlango haraka. Wagonjwa wanaohitaji damu zaidi katika ukanda wa Ziwa ndio ambao usalama wa dawa hizi haujathibitishwa kwao, na huenda wakawa wa kwanza kudhurika.

Himoglobini hubeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Wazo la kuitoa humo na kuitia mshipani peke yake ni la zamani. William Amberson na wenzake walilijaribu kwa wagonjwa nchini Marekani miaka ya 1940. Ubaya wake ulijitokeza mapema. Himoglobini ikitoka nje ya chembe humeguka na kuumiza figo, tena hunyonya nitriki oksidi, gesi inayotolewa na kuta za mishipa ili mishipa ibaki imelegea. Gesi hiyo ikipungua, mishipa hubana, presha hupanda na moyo huelemewa. Kampuni zilijaribu kuunganisha molekuli kwa kemikali zisimeguke. Hemopure, inayotokana na damu ya ng'ombe na kukaa miaka 3 bila friji, iliidhinishwa Afrika Kusini mwaka 2001, wakati hofu ya virusi vya Ukimwi katika damu ilikuwa kubwa. Marekani yenyewe iliidhinisha ndugu yake mwaka 1998, lakini kwa ajili ya mbwa. Kisha mwaka 2008 Charles Natanson na wenzake walijumlisha majaribio 16 ya bidhaa 5 za jamii hii, yaliyohusisha wagonjwa zaidi ya 3,700, wakakuta hatari ya kifo imepanda kwa asilimia 30 na ya mshtuko wa moyo imezidi mara mbili na nusu. Watengenezaji walilalamika kwamba bidhaa tofauti zimehukumiwa kwa pamoja. Lalamiko hilo lina uzito kiasi, ila halifuti hesabu.

Sasa tazama ni nani anayeongezewa damu huku kwetu. Utafiti wa hospitali ya Siaya uliochapishwa mwaka 1992 ulikuta kwamba zaidi ya robo ya watoto waliolazwa walikuwa na upungufu mkali wa damu, na malaria ilikuwa miongoni mwa visababishi vikuu. Ongeza ugonjwa wa selimundu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wanaobeba jeni la selimundu ni wengi kando ya Ziwa na Pwani, palipo na malaria, na ni wachache mno nyanda za juu. Magonjwa haya mawili hupasua chembe nyekundu ndani ya mwili na kumwaga himoglobini kwenye majimaji ya damu. Yaani mtoto anayehema kwa shida wodini tayari ana himoglobini huru inayommalizia nitriki oksidi. Kumtilia nyingine ya aina hiyo hiyo ni jambo la kuogopwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na majaribio makubwa hayakumhusu yeye. Yalihusu zaidi watu wazima waliokuwa wakipasuliwa au walioumia ajalini.

Atakayepinga atasema afadhali kidogo kuliko kukosa kabisa. Hoja hiyo ingenishinda kama isingekuwa HemAssist, dawa ya jamii hii hii kutoka kampuni ya Baxter. Mwaka 1998 jaribio lake kwa majeruhi lilisimamishwa: pamoja na matibabu ya kawaida, kundi moja lilipewa dawa hiyo na jingine maji ya chumvi. Waliopewa dawa walikufa 24 kati ya 52. Wa maji ya chumvi, 8 kati ya 46. Ni kweli pia kwamba wapo wagonjwa, wakiwemo Mashahidi wa Yehova wenye selimundu, waliopewa Hemopure kwa kibali maalumu na wakapona. Hao walikuwa wachache, chini ya uangalizi wa karibu wa hospitali zenye kila kifaa. Zahanati ya mpakani haina uangalizi huo.

Tena ukosefu wa damu si mvua ya Mungu. Fedha za Marekani zilizobeba sehemu kubwa ya huduma ya damu Kenya zilikoma mwaka 2019, na uhaba ukafuata. Ni suala la bajeti. Hata umeme wa friji si kisingizio: mitambo ya Sondu-Miriu huzalisha megawati 60 papo hapo Nyakach. Na damu iliyopo inaweza kufika mbali zaidi. Jaribio la TRACT lililofanyika Uganda na Malawi, likaongozwa na Kathryn Maitland wa KEMRI-Wellcome, Kilifi, lilichapishwa mwaka 2019. Lilionyesha kwamba watoto wenye himoglobini ya gramu 4 hadi 6 kwa desilita wasio na dalili za hatari wanaweza kungojewa wakichunguzwa. Vifo havikuongezeka, na karibu nusu yao hawakuhitaji damu kabisa.

Sisemi majaribio yasije. Bidhaa mpya zinazofunga himoglobini ndani ya vifuko vya mafuta zimebuniwa makusudi kuzuia ule unyonyaji wa gesi, na zinastahili kupimwa. Zianze kwa majeruhi watu wazima, katika hospitali yenye damu ya kawaida karibu. Ridhaa izungumzwe mapema na wakazi, kwa Kijaluo na Kikipsigis, isije ikawa kama katika jaribio la Marekani la PolyHeme, dawa nyingine ya himoglobini, ambapo majeruhi waliingizwa bila kuulizwa na asiyetaka alitakiwa kujivalisha bangili mapema. Watoto wa malaria na wenye selimundu wafuate baadaye sana. Wao wanahitaji damu ya kawaida inayofika haraka, maana utafiti ule wa Siaya ulikuta pia kwamba damu iliyochelewa siku mbili baada ya kulazwa haikuonekana kuokoa maisha. Friji ya damu huko Pap Onditi, Nyakach, na pikipiki ya kuijaza kutoka Kisumu hazihitaji kibali cha maabara yoyote.