Kusi Ikivuma, Hesabu Wenzako



Miezi ya kusi ina mashaka yake katika nyumba za pwani. Upepo hugeuka mnamo Aprili ukatoka kusini-mashariki, na ifikapo Juni na Julai bahari huchafuka. Wenye ngalawa huzivuta juu mchangani, na mama wa mvuvi hulala usingizi kwa kuwa mwanawe yuko nchi kavu. Lakini siku hizi wapo vijana wanaozingojea siku hizo mwaka mzima. Hao ni wapandao ubao wa tanga, ambao shwari huwachosha na tufani huwaita. Akina mama wananiuliza: je, tuwakataze?

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Ni ubao uliosimikwa mlingoti kwa kiungo kinacholala kila upande, kwa hivyo tanga husimama kwa mikono ya aliyepanda. Usukani hamna, akitaka kugeuka hulilaza tanga mbele au nyuma. Wamarekani wawili, Jim Drake na Hoyle Schweitzer, waliomba hataza ya chombo cha namna hiyo mwaka 1968. Mchezo huu uliingia katika Olimpiki mwaka 1984, na wanawake wakapata shindano lao mwaka 1992. Miaka minne baadaye Lee Lai-shan, binti wa kisiwa kidogo cha Cheung Chau, aliipatia Hong Kong medali yake ya kwanza ya dhahabu. Naitaja habari hii kwa sababu wenye wavulana si wao pekee wanaouliza.

Hatari yake haifichiki. Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake juu ya tanga huzidi mara nne. Ndiyo maana mjuzi hupunguza tanga wakati mjinga anapojisifu kwa kubwa.

Nikusimulieni siku moja ya Julai. Vijana wanne wa mtaani petu, waliokaa mkeka mmoja tangu chuoni, walingoja maji yajae hata mwamba ukafunikwa. Tufani ilikuwa mbali baharini, na mawimbi iliyoyasukuma yalikuwa yakija safu kwa safu, yakivunjika kwa kishindo. Walikuwa wanne, lakini majini hawakuingia zaidi ya watatu kwa wakati mmoja. Wa nne alikaa pwani na darubini, wakipokezana. Waliruka juu ya mawimbi, wakaanguka, wakainuka, na vicheko vyao vikasikika hadi chini ya minazi.

Baada ya adhuhuri mvua ikashuka ikafunga upeo wote. Ilipopisha, yule wa pwani akahesabu matanga akaona mawili. Kiungo cha mmoja wao kilikuwa kimekatika, na maji yaliyoanza kupwa yalikuwa yakimvuta kuelekea mlango wa mwamba. Kijana huyo hakuuacha ubao wake ili aogelee, kwa maana ubao hauzami, na mtu huonekana kwa shida katikati ya mawimbi. Aliketi juu yake akainyanyua mikono miwili kando, akaishusha, akainyanyua tena polepole, ishara ijulikanayo na mabaharia wa dunia nzima. Mwenzake alimfikia, akalilaza tanga lake majini ili wasisukumwe kwa haraka, akafunga ubao kwa ubao. Mwengine alibaki karibu akiwaonyesha walipo. Wa pwani alikwisha kukimbilia wavuvi wenye boti ya mashine, na kabla ya alasiri wote wanne walikuwa mchangani.

Waulize leo, watakwambia hiyo ndiyo siku bora ya ujana wao. Nilistaajabu kwanza, kisha nikafahamu. Siku ile kila mmoja alijua kwa yakini kuwa yuko mtu anayemhesabu.

Basi jibu langu ni hili. Kijana anayekatazwa bila ya kusikilizwa huenda kwa siri, na aendaye kwa siri huenda peke yake; bahari haina windo jepesi kuliko huyo. Muulize kabla hajatoka: Nani atakaa pwani kuwaangalia? Maji yanapwa saa ngapi? Jaketi la kuokolea liko wapi, na kamba ya akiba? Ubao ukivunjika, utafanya nini? Akibabaika katika moja, abaki nyumbani, wala usimwonee haya. Atakasirika, lakini hasira ya mtoto hupoa kabla ya chai ya jioni.

Akiyajibu yote, mwombee salama, mwache aende. Kisha weka sufuria kubwa jikoni, upike chakula cha watu wanne. Na wakirudi, wahesabu mlangoni.