ASKARI ASIYEJULIKANA



Dhalimu haogopi kilio, huogopa ushahidi. Kwa sababu hiyo twawaletea habari za marehemu Fela Kuti, mpiga saksafoni na mkuu wa bendi katika nchi ya Nigeria, ili tupate ibra.

Fela alizaliwa Abeokuta mwaka 1938. Mama yake, Bibi Funmilayo Ransome-Kuti, aliwaongoza wanawake wa mji huo kupinga kodi, hata mfalme wao akaacha kiti mwaka 1949. Mwana akaurithi ulimi wa mama. Nigeria ilipata uhuru mwaka 1960, lakini bakora iliyoachwa na mgeni ikaokotwa na mwenyeji. Fela akayaimba hayo kwa Kiingereza cha sokoni, ili mchukuzi na muuza samaki wafahamu sawasawa na hakimu. Katika wimbo wake "Zombie", wa mwaka 1976, aliwafananisha askari na maiti waendao kwa amri tu.

Jawabu likaja tarehe 18 Februari 1977. Askari wapatao 1,000 waliivamia nyumba yake mjini Lagos, wakapiga watu, wakaitia moto. Mama yake, mzee wa miaka 76, alitupwa kutoka dirishani. Akafariki mwaka uliofuata. Serikali ikaunda tume, na tume ikanena kuwa aliyetenda ni askari asiyejulikana. Askari elfu, na hata mmoja hana jina!

Fela hakunyamaza. Neno hilo hilo la tume akalifanya wimbo, na jeneza akalipeleka hadi kambi ya mkuu wa serikali. Mwaka 1984 alifungwa kwa shitaka la fedha za kigeni, akakaa kifungoni takriban miezi 20. Alipofariki mwaka 1997, umati usio idadi ulimsindikiza.

Hatusemi kila mwenendo wake ni wa kufuatwa. Mengine dini yetu haiyakubali. La kufuatwa ni hili: hakuiachia dhulma ipotee kwa kukosa jina. Basi mwanachama akipigwa, au akinyimwa haki yake, tawi liandike siku, saa, mahali na majina ya mashahidi. Tusirushe jiwe, wala tusitukane, tuandike. Dini imetukataza kuficha ushahidi, na wahenga wamekwisha sema: ukweli ukidhihiri, uwongo hujitenga.