Jina Jipya Lisifiche Kipimo

Katika maduka ya Ndalambo, wilayani Momba, sawa na yale ya Chake Chake kule Pemba, pakiti za krispi za viazi hutundikwa mahali pa kuonekana na watoto. Nao watoto huzitambua kwa rangi na picha kabla ya kuzisoma. Kwa hiyo jina la pakiti linapobadilika au kutoweka, jambo hilo si dogo. Jina ni ahadi kati ya mwuzaji na mnunuzi.

Wenye viwanda wana haki ya kubadili majina. Krispi za Smith's zilianza London mwaka 1920, zikasifika kwa chumvi iliyofungwa katika kijikaratasi cha buluu. Mwaka 1989 kampuni ya PepsiCo ya Marekani ilinunua Smith's pamoja na Walkers. Baadaye vitafunio vya Smith's kama Quavers vikavikwa jina la Walkers. Kampuni hiyo hiyo huuza krispi kwa jina la Lay's katika nchi nyingi, Chipsy huko Misri, na Simba, neno letu wenyewe, huko Afrika Kusini.

Hatuna ugomvi na majina. Tunachokataa ni hila inayoweza kujificha nyuma yake: picha mpya, bei ile ile, gramu pungufu. Kupunja ni kupunja, kwa jina lolote. Tulifunzwa hivyo chuoni tungali wadogo, na sheria ya nchi haisemi vingine. Wakulima wa viazi wa Nyanda za Juu Kusini wamelalamikia lumbesa kwa miaka mingi. Haiwi haki viazi vizidishwe kipimo vinaponunuliwa shambani, kisha vipunguzwe vinapouzwa dukani.

Hatuna budi, basi, kuwakumbusha wahusika wajibu wao. Wakala wa Vipimo, Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango, ambalo tangu 2019 limekabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula, pamoja na wenzao wa Zanzibar, wahakikishe kwamba pakiti yenye jina jipya inataja kwa muda jina la zamani, na inaonyesha uzito wake kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka. Maofisa biashara wasingoje malalamiko ofisini. Wachukue mizani waende madukani.

Nao wananchi wasome gramu kabla ya kutoa shilingi. Picha haishibishi.