Flopi za katibu aliyetangulia

Juma hili vijana wa madrasa waliniuliza kuna nini ndani ya kasha la flopi lililomo ofisini mwa msikiti wetu hapa Mchikichini. Niliwajibu: majina.

Wazee wanakumbuka kuwa mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na kwamba Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, ilhali Zanzibar walikwisha kuitazama ya rangi tangu miaka ya 1970. Sisi wadogo zao tulijazana sebuleni kwa jirani baada ya Maghribi. Kompyuta tuliiona kwa marehemu katibu wetu, ambaye hakuna aliyeigusa kabla ya kunawa mikono.

Flopi moja hubeba megabaiti 1.44 tu, picha ya simu ya leo mara nyingi haienei humo. Ndimo alimoandika madeni ya msikiti.

Nilizunguka Kariakoo siku mbili kutafuta mashine ya kuzisomea. Fundi mmoja alicheka. Wa pili alikuwa nayo. Zilifunguka tisa, tatu zimeota ukungu. Mjane mmoja anasema mumewe aliukopesha msikiti fedha za mabati, na katika zile tisa jina hilo halimo.

Kamati inakutana Jumamosi baada ya Isha. Nimependekeza alipwe.