Mwaka Hauna Uzito?

Katika soko la Karatina nimepata kumwona mtu aliyeketi na mzani mdogo na mkebe wa bati, akinunua sarafu za kale kwa uzito. Mama mmoja mzee alimletea fundo la leso. Alipolifungua zilitoka senti zenye tundu, shilingi za simba, na fedha moja pana iliyosuguka. Mnunuzi hakusoma neno hata moja juu yake. Alipima, akalipa, akatia mkebeni. Nilipomwuliza kwa nini hakutazama mwaka, alicheka akasema kwamba mwaka hauna uzito.

Msomaji kijana, naandika kumpinga mtu yule. Lakini yeye ana udhuru, maana anatafuta riziki. Wasio na udhuru ni wasomi wetu wanaonena kuwa kuchungua sarafu kuukuu ni mchezo wa Wazungu matajiri wasio na kazi.

Na tuanze na dhahabu, kwa kuwa dhahabu haidharauliwi na mtu. Mwaka 1916, vita vilipokuwa vimewafungia Wajerumani njia ya bahari, walipiga Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Kazi ilifanywa katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke. Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga, na mlima nyuma yake. Upande wa pili una tai wa dola ya Kijerumani. Zilipigwa 16,198 tu, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule mji ukatekwa na majeshi ya Wabelgiji. Mtu mwenye haraka ataziona zote kuwa sawa. Hazikuwa sawa. Katika baadhi yake ncha ya nakshi ya kuume huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA. Katika nyingine huishia chini ya A ya kwanza. Za aina moja zilikuwa 9,803, na za aina ya pili 6,395. Tofauti ndogo kama ukucha wa mtoto, lakini yatujulisha kwamba chapa ya chuma ya kugongea ilichongwa zaidi ya mara moja, katikati ya vita, na mkono wa fundi ulikwenda pengine mara ya pili. Nani waliokaa kuzipambanua na kuzihesabu? Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Sisi wenye nchi tulikuwa wapi?

Watu hao hufanya vivyo hivyo kwao. Mfua dhahabu wa New York, Ephraim Brasher, alipiga mwaka 1787 sarafu za dhahabu ambazo leo zinazojulikana ni chache mno. Karibu zote zina herufi EB katika bawa la tai; moja tu inazo kifuani. Kwa ajili ya herufi mbili zilizohama shibiri isiyofika nusu ya ukucha, wanazuoni wamepekua hati za mirathi na daftari za minada, wakaifuata sarafu kutoka mkono hata mkono.

Msomi wetu atajibu: hayo ni ya dhahabu, na sisi wa Nyeri tuna nini? Tunayo mikebe ya nyanya zetu. Tafuta humo senti kumi au senti tano ya mwaka 1936 na usome jina la mfalme: EDWARDVS VIII. Mfalme huyo alikivua kiti kabla mwaka haujaisha, na Uingereza yenyewe haikupata kutumia sarafu yenye jina lake. Lakini huku kwetu zilinunua chumvi na kiberiti. Tazama kama ina herufi H au KN. Hizo ni alama za viwanda viwili vya Birmingham. Kisha linganisha shilingi ya 1946 na ile ya 1948. Ya kwanza yasema mfalme ni mtawala wa India. Ya pili imenyamaza, kwa kuwa India ilijitawala mwaka 1947. Shilingi ya mwisho ya Afrika Mashariki ni ya 1952, mwaka ambao mfalme George wa Sita alifariki binti yake akiwa Treetops, mwendo mfupi kutoka mjini Nyeri.

Sasa nirudi kwa yule mama. Fedha ile pana ilikuwa florini ya 1920. Niliusoma mwaka wake kabla haijaanguka mkebeni. Nilimfuata nikamwuliza aliipata wapi. Akasema ni ya babake, aliyeitunza tangu alipokuwa kibarua katika shamba la setla huko Nanyuki, na kwamba kila alipoitazama alisema ndiyo fedha iliyokufa mkononi mwake.

Fikiri neno hilo. Rupia ilikuwa na thamani ya shilingi moja na peni nne za Kiingereza. Mwaka 1920 ilipandishwa kuwa shilingi mbili, ikaitwa florini. Mwaka 1921 florini nayo ikaondolewa, ikaja shilingi yetu, mbili kwa florini moja. Masetla waliokuwa na deni la rupia waliona deni hilo, likipimwa kwa pauni, limekua kwa nusu nzima. Nafuu waliitafuta wapi? Mwaka 1921 waajiri walipatana kukata mshahara wa Mwafrika kwa theluthi moja, na malalamiko yaliyofuata ndiyo yaliyomwinua Harry Thuku. Habari hizi zimo vitabuni. Neno la kibarua wa Nanyuki halimo. Lilikuwa limefungwa katika leso pamoja na sarafu yake, na vyote viwili vilitengana sokoni kwa bei ya mafuta ya taa.

Simlaumu mama yule kwa kuuza. Mwenye njaa hahubiriwi historia. Nalaumu kwamba ana wajukuu wanne walio shuleni, kama alivyoniambia, na hapana hata mmoja aliyepata kumwuliza.

Wewe muulize wako, uwe Embu, Meru au Nanyuki. Usiisugue sarafu kwa majivu wala mchanga, maana utafuta herufi unazozitafuta. Andika katika karatasi mwaka wake, maneno ya pande zote mbili, alama iliyo chini, jina la aliyekuwa nayo na kazi iliyomletea. Karatasi iwe mbili, moja ya nyumbani na moja ya maktaba ya shule. Kisha, ikiwa ni lazima, mpelekee mwenye mzani.